Mashine ya Senene na Mdomo wa Mjomba

Nimestaafu, nimerudisha funguo, na sasa mnaniambia niandike kumbukumbu ili vijana wa ofisini wajifunze. Vijana wenyewe ni nyinyi mnaosoma mkataba kuanzia ukurasa wa mwisho, mkitafuta pa kusaini. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, maana ofisi yetu ilikuwa na wakili mmoja na nusu, na kwa muda mrefu ile nusu nilikuwa mimi. Mishahara nayo tuiache ipumzike kwa amani.

Mimi ni mtoto wa Miembeni, Bukoba mjini. Baba alikuja kutoka Tanga na cherehani yake, akamkuta mama, Mhaya wa Kamachumu, na Tanga akaisahau. Kwa hiyo nilikua nikiongea Kiswahili sebuleni na Kihaya jikoni, na majivuno nikarithi ya pande zote mbili. Nilisoma sheria Dar es Salaam, nikabobea kwenye haki miliki na teknolojia, halafu nikafanya jambo ambalo wenzangu wote waliliona la kiwendawazimu: nikarudi Bukoba. Wakaniuliza, "Rukia, huko kuna teknolojia gani?" Nikawajibu kuna umeme, siku ukiamka vizuri.

Niliripoti kwa Mzee Kyaruzi, wakili wa siku nyingi aliyekuwa na ofisi juu ya duka la mabati. Mabati yakipakuliwa chini, sisi juu tulikuwa tunaacha kusema. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa ya kutafuna kama tunavyompa mgeni yeyote, kisha akaanza usaili.

"Umesomea nini, mwanangu?"

"Haki miliki, mzee. Uvumbuzi, alama za biashara, kazi za sanaa."

"Yaani mali za kichwani."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mwizi akishaiba, kichwani kunabaki nini?"

"Mali inabaki, mzee. Ila na mwizi naye anayo."

Alinitazama kwa huruma, akanikabidhi jalada la mbuzi waliokula migomba ya jirani. "Anza na mali zenye miguu," akasema. "Hizo za kichwani zitakuja zenyewe."

Hazikuja. Nilipopata ujasiri nikatundika kibao kikubwa, Haki Miliki na Teknolojia, na wiki hiyo ofisi ikajaa watu wa mipaka ya vibanja. Kagera ukitaja kumiliki, mtu anafikiria kibanja chake, migomba yake na ndugu yake anayeisogelea. Wa teknolojia alikuja mmoja tu. Redio yake ilikuwa inakoroma.

Vifaa vyangu vilikuwa taipureta yenye herufi ya "r" iliyolegea, karatasi za kaboni na muhuri. Nyinyi mnaobonyeza na kufuta hamjui heshima ya karatasi ya kaboni. Ukikosea neno moja umekosea kwenye nakala zote, kwa hiyo unafikiri kwanza. Siku hizi mnaiamuru kompyuta iwaandikie hoja, inawaletea kifungu cha sheria ambacho Bunge halijawahi kukiona, na nyinyi mnakipeleka mbele ya jaji kwa ujasiri wote. Hongereni sana.

Mzee Kyaruzi hakuijua sheria yangu, na alikiri hivyo bila aibu, jambo ambalo kwa mwanaume wa Kihaya aliyesoma ni nadra kuliko theluji. Lakini alinifundisha kazi. Kanuni yake ilikuwa hii: usiandike juu ya kitu ambacho hujakishika. Kesi ikiwa ya mashine, nenda ukaizungushe mashine. Ikiwa ya wimbo, mpigie mwenye wimbo hodi, akuimbie. Nilicheka moyoni, nikidhani ni mambo ya kizee. Baadaye nikaona mawakili wa suti nzuri wakitetea vitu ambavyo hawavijui hata kwa sura, nikaacha kucheka.

Kazi zenyewe zilianza kuja simu za mkononi zilipoingia. Nilimtetea mpiga zeze wa Muleba aliyesikia wimbo wake kwenye simu ya padri, ukiwa mlio wa kuita, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Upande wa pili walikuja na mabegi matatu ya karatasi na swali moja: mteja wangu anathibitishaje kwamba wimbo ni wake? Mzee wa watu akatoa zeze, akapiga pale pale. Nilimwandikia maombi mwenye baa wa Rwamishenye aliyetaka kusajili jina la rubisi yake, pombe ya ndizi. Nilimrudisha nyumbani, kwa upole, bwana aliyetaka hataza ya kuchoma ndizi. Hataza, kwa nyinyi mnaosinzia darasani, ni ile haki anayopewa mvumbuzi kwamba kwa miaka kadhaa kitu alichokivumbua asikitengeneze wala kukiuza mtu mwingine bila idhini yake. Ndizi za kuchoma zilikuwepo kabla ya babu yake. Alikasirika, akasema za kwake anazigeuza mara mbili.

Lakini mkiniuliza kesi iliyonishika koo, ni ya Mama Editha wa Ngenge, huko Muleba.

Lazima nieleze kwanza habari za senene, maana kuna wengine humo ofisini mnatoka mikoa yenye vyakula vya kawaida. Senene, wale panzi wa kijani wa kuliwa, wakishuka msimu wa mvua, Kagera nzima inachanganyikiwa. Kuwakamata ni raha. Kuwala ni raha zaidi. Katikati ya raha hizo mbili kuna kazi ya kuwanyonyoa miguu na mbawa, mmoja mmoja, mikono imepakwa majivu wasiteleze, mgongo umepinda tangu asubuhi. Na zamani mpango ulikuwa mzuri sana: mwanamke akamate, mwanamke anyonyoe, mwanamke akaange, halafu kwa mujibu wa mila asiguse, ale mwanaume. Sijui ni nani aliyeupanga mpango huo, ila nahisi hakuwa mwanamke.

Mama Editha alikuwa mkulima, mke wa mkulima, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akachukua pipa, wavu, kandambili chakavu na pedeli za baiskeli, akahangaika misimu kadhaa, akatengeneza mashine ya kunyonyoa senene. Unawamwaga juu, unapiga pedeli, wanatoka chini wasafi, na feni ndogo inapeperusha mbawa pembeni. Naisema kwa kifupi tu. Nilikwenda Ngenge nikaizungusha kwa miguu yangu, na nakwambieni niliposhuka nilikuwa na hasira: mawakili wa dunia nzima wanagombania umbo la pembe za simu, na hiki kimekaa chini ya mgomba.

Sasa, mtu mwingine angekificha. Wachina wangekificha. Wachaga wangekificha na kukiwekea kufuli. Sisi Wahaya kitu kizuri kikikaa kimya ndani ya nyumba tunaumwa. Binti yake Editha alipoolewa, mjomba wa mama yake, Mwalimu Fulgensi, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama kwenye harusi kutoa zawadi. Alianza na elimu yake. Akaendelea na elimu ya watoto wake. Kisha akaamuru mashine iletwe katikati ya turubai, akamwambia bibi harusi kwamba ukoo wao haumtoi binti mikono mitupu, unamtoa na kiwanda. Akaifungua. Akaeleza wavu, akaeleza raba, akaeleza kila kipande kinakaa wapi na kwa nini, akamwaga senene, akamketisha mshenga kwenye pedeli. Watu walipiga vigelegele na kupiga picha. Video ikazunguka kwenye simu za wilaya nzima kabla wali haujapakuliwa.

Miongoni mwa wapiga picha alikuwemo Bwana Projesti, mfanyabiashara wa Rwamishenye, aliyekuja kukodisha viti na maturubai. Hakupiga vigelegele. Alisogea karibu, akapiga picha ya ndani ya pipa.

Muda ukapita, zaidi ya mwaka. Mama Editha alikuwa anawatengenezea majirani mashine, na majirani wengine walijitengenezea wenyewe kwa kutazama video ya mjomba. Ndipo ikaja barua ya wakili kutoka Mwanza: mashine ya kunyonyoa senene ni uvumbuzi wa Bwana Projesti, ana hataza, na Mama Editha aache mara moja kutengeneza, kuuza na kutumia. Kutumia! Hata ile ya kwake mwenyewe iliyoko chini ya mgomba wake mwenyewe. Baada ya barua ikaja kesi, Mahakama Kuu Bukoba, dhidi yake na wanawake wenzake wa Ngenge.

Alikuja ofisini na mjomba. Mjomba ndiye aliyezungumza.

"Waitu, wakili wetu, huyu mtu ametuibia mchana kweupe. Mbele ya watu wote! Nilikuwa nimeshika kipaza sauti!"

"Ndiyo taabu yenyewe, Mwalimu," nikamwambia.

Nikawaeleza. Sheria inamlinda mwenye kitu kipya. Ukishakitangaza hadharani kikaeleweka, si kipya tena. Unapewa muda mfupi wa kujirudi na kuomba hataza yako, ukipita umepita, na wa kwao ulishapita. Mjomba akauliza kwani harusi ni hadharani, mbona walikuwa na kadi? Nikamwambia wilaya nzima ilikuwa na kadi. Mama Editha hakumwangalia.

"Kwa hiyo ni ya Projesti?" akaniuliza.

"Hapana. Na yeye aliomba baada ya harusi. Kama kitu hakikuwa kipya kwako, kwake hakikuwa kipya zaidi. Tukipeleka harusi ile mahakamani, hataza yake inakufa."

"Na inakuwa yangu?"

"Inakuwa ya kila mtu."

Akarudia neno hilo, kila mtu, polepole, kama anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Bwana Projesti hakuwa mjinga. Wakili wake alimwambia yale yale niliyomwambia mteja wangu, na kabla ya kesi kusikilizwa wakaja wote wawili kwenye ofisi yangu, wametabasamu, na mkungu wa ndizi. Walikuwa na pendekezo. Mama Editha aandikwe kuwa mvumbuzi mwenza, hataza iwe ya wawili, nusu kwa nusu. Yeye alichotakiwa kufanya ni kuisahau tu ile harusi.

"Muleba nzima hakuna mwingine atakayejua kuivunja hataza hiyo," wakili wa Mwanza akasema. "Tukae kimya tu, sote tunafaidi."

"Na wale wanawake wenzake?" nikauliza.

"Watanunua kwenu. Au wataacha."

Nilimtoa mteja wangu kwenye veranda tuongee peke yetu. Nilimweleza kila upande, kama kazi inavyonitaka, bila kumsukuma. Ndani yangu nilikuwa nachemka, maana ile karatasi ndiyo ingekuwa mahali pekee duniani ambapo jina lake lingeandikwa juu ya kitu alichokitengeneza, na ilikuwa imeshikwa na mwizi.

"Ninaitaka, wakili," akasema. "Usidhani siitaki. Nimeitengeneza kwa mikono hii, nimekatwa na lile bati la pipa mpaka nikashonwa, na anayeitwa mvumbuzi ni mkodisha viti. Ninaitaka mpaka usingizi haunijii."

"Najua."

"Lakini nikisaini, wa kwanza kumshtaki ni nani? Mwenye mashine ya pili Ngenge ni mama yangu mzazi. Nilimtengenezea mwenyewe, vidole vyake havikunjiki tena." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Nitamwambiaje? Mawe, mama, shuka kwenye pedeli, binti yako ana karatasi?"

Akarudi ndani, akamwambia Bwana Projesti, kwa heshima zote, abebe ndizi zake.

Siku ya ushahidi mahakama ilijaa. Shahidi wangu mkuu alikuwa Mwalimu Fulgensi, na sikulala vizuri kwa sababu hiyo. Ili tushinde, haikutosha kusema mashine ilionekana. Ilibidi ithibitike kwamba pale harusini ilielezwa kiasi cha mtu mwingine kuweza kuitengeneza, na video ya simu ilikuwa na muziki juu ya maneno. Wakili wa Mwanza alilijua hilo, akaamua kumfanya mzee aonekane mpiga domo.

"Mwalimu, ni kweli kwenye harusi za huku watu hujisifu?"

"Wapo wanaojisifu."

"Na wewe?"

"Mimi huwa naeleza."

"Ulieleza kwamba kuna mashine, basi. Ya ndani hukuyaeleza. Na hata leo ukiulizwa huyawezi, au siyo?"

Maskini kijana wa watu. Ametoka ng'ambo ya ziwa, hakujua anamchokoza nani. Mwalimu Fulgensi aliomba maji, akanywa, akarekebisha koti, akaanza. Alieleza pipa na ukubwa wa matundu ya wavu. Alieleza kwa nini raba iwe ya kandambili zilizochakaa, kwa kuwa mpya ni ngumu, zinampasua senene tumbo. Alieleza mwendo wa pedeli, akauonyesha kwa miguu, akiwa kizimbani. Yote kama alivyoyasema harusini, neno kwa neno, na mashahidi wengine baadaye walithibitisha kwamba ndivyo, walikuwa wamesimama hapo hapo njaa ikiwauma. Jaji aliandika mpaka akachoka.

"Mwalimu, imetosha," jaji akasema.

"Mheshimiwa, bado feni."

Mahakama nzima ilicheka, hata karani. Wakili wa Mwanza alikaa chini mwenyewe bila kuambiwa. Mimi nilikuwa natafuna kalamu nisicheke, kwa sababu mdomo ule ule uliomharibia mteja wangu ndio uliokuwa unamharibia Bwana Projesti, na ulikuwa haujachoka.

Kisha jaji akauliza swali lake mwenyewe, la kawaida tu.

"Na hii mashine iliyoonyeshwa siku hiyo, ilitengenezwa na nani?"

Mzee akanyoosha mgongo. "Na sisi, Mheshimiwa. Ukoo wetu."

Nilimtazama Mama Editha. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

Tulishinda. Hataza ikafutwa, kesi ikatupwa, na wanawake wa Ngenge waliimba kwenye ngazi za mahakama mpaka askari akaja kuwaomba wasogee kidogo. Hukumu ilisema mashine ilikuwa imekwisha kujulikana kwa umma kabla ya ombi la mdai. Ni hukumu nzuri, isomeni, ina hoja safi. Jina la mteja wangu limo, ukurasa wa kwanza: mdaiwa wa kwanza. Nani aliivumbua mashine, hukumu haikuwa na haja ya kusema, kwa hiyo haikusema.

"Tumeshinda, wakili?" akaniuliza, wengine wakiwa wanaimba.

"Tumeshinda."

"Na mimi sasa ni nani kwenye hii habari?"

Nilimshika mkono tu. Mjomba alikuwa ngazi ya juu kabisa anapokea pongezi, akieleza habari za feni kwa wale waliokosa nafasi ya kuingia. Nilishinda kesi nyingi katika kazi hii na nyingine nilishindwa kwa haki, lakini ile niliyoshinda iliniuma kuliko zote nilizoshindwa. Nilifika nyumbani, nikakataa chakula, nikamgombeza mume wangu bure.

Miezi michache kabla sijastaafu, wakati nyinyi mkibishana ni nani atarithi meza yangu ya dirishani, mlango uligongwa. Mama Editha, peke yake, na kiroba. Alinisalimu harakaharaka, akafunga mlango, akafunga na dirisha, joto lile. Akatoa ndani ya kiroba kitu kilichofungwa kwa kanga mbili.

"Ile ya zamani ilikuwa inanyonyoa tu," akasema. "Hii inanyonyoa na kukausha. Moto hauwafikii, wanabaki na rangi yao."

"Nani ameiona?"

"Wewe."

"Mume wako?"

"Anajua ninajenga banda la kuku."

"Mjomba?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mjomba amenipa nauli ya kuja kupima macho."

Niliishika, kama nilivyofundishwa. Niliifungua, nikaifunga, nikamuuliza kila kipande kazi yake, akanijibu kwa minong'ono ingawa tulikuwa wawili tu. Kisha nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika maelezo, nikachora michoro, yeye akinisahihisha, mpaka nje kukawa kimya na duka la mabati la chini likafungwa. Nilipomaliza nikamsomea ombi lote kwa sauti. Nikafika penye mvumbuzi, nikasoma jina lake: Leokadia Kokushubira, mkulima, Ngenge, Wilaya ya Muleba.

Akaniuliza kama hapo hakuna neno "sisi". Nikamwambia halipo. Akavuta kiti mbele, akaweka viwiko juu ya meza.

"Soma tena, wakili," akasema. "Hapo hapo. Taratibu."